Maboksi Siachi

Guangzhou,
Juni 1998

Kwa kaka yangu Jonas,

Shikamoo kaka. Natumaini wewe, wifi Dorothea na watoto hamjambo, na baridi ya Mbeya haijawabana kifua kama mwaka jana. Mimi ni mzima, masomo yanakwenda, na hasira ninayo ya kutosha.

Barua yako nimeipata. Unasema Getrude, aliyekuja huku kununua mizigo, amewatangazia kanisani kwamba mdogo wako aliyepelekwa China kusomea uhandisi anaokota takataka. Unasema nimelitia aibu jina la marehemu baba, na nisipoacha nisikanyage kwako likizo hii. Kaka, nakujibu bila kuzunguka: naokota, na siachi.

Ila Getrude hakukueleza yote. Hotelini wanakofikia wafanyabiashara wetu, mtu akinunua viatu huvitoa kwenye maboksi ili viingie vingi kwenye kontena. Maboksi mapya kabisa hutupwa koridoni. Yeye mwenyewe aliyarusha nje ya mlango wake huku akinitazama nikiinama. Nilimwamkia vizuri, nikayachukua yote.

Mwanzoni yote nilimpelekea mzee Liang, anayepita mtaani na baiskeli ya magurudumu matatu akinunua vitu chakavu. Usidhani anapokea chochote. Magazeti makavu, maboksi, makopo ya bia na chupa nzima anapima kwenye mizani yake ya mkono. Vile vyombo vyeupe vyepesi vya chakula, karatasi iliyolowa mafuta na glasi iliyovunjika anasukuma kando akisema bu yao, yaani hataki. Siku moja nilimpelekea pakiti za maziwa nimeziosha na kuzianika, kama mama anavyofanya na mifuko ya nailoni. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanionyesha utando wa plastiki ulio ndani, kwamba hizo hazifai. Maboksi yangu yaliponyeshewa aliyakataa kwa ukali, akidai nimeyalowesha makusudi yawe mazito. Nikagombana naye kwa Kichina changu kibovu mpaka majirani wakatoka kutazama. Tangu hapo tunaheshimiana.

Unauliza mama angesema nini. Mama hajatupa kopo la siagi maishani mwake. Mimi na wewe tumenywea uji kwenye makopo hayo, wala hukuwahi kuona aibu.

Sasa kuna jambo sijakwambia. Maboksi mazuri, yasiyo na doa, simpi mzee Liang. Nayakunjua, nayafunga kamba, na dada Albina, mfanyabiashara mwingine wa kwetu anayefikia hotelini hapo, anayachomeka kwenye nafasi zinazobaki ndani ya kontena lake. Akifika Mbeya anawauzia wenye maduka ambao viatu vyao vimefika uchi. Mteja wake mkubwa pale sokoni Mwanjelwa ni wewe, kaka. Funua boksi lolote dukani kwako utazame chini ya mfuniko: utaona herufi K kwa wino wa bluu. Niliiandika mimi.

Kama ni takataka, yatoe yote nje leo, viatu uvipange sakafuni. Kama huyatoi, basi niandalie kitanda. Nakuja.

Nisalimie mama na watoto wote. Getrude naye msalimie, umwambie akirusha maboksi asiyapige teke, yanapinda pembe.

Ni mimi mdogo wako,
Kissa