Mama, Tafadhali Jiuzulu

Mama yangu, Mama Prezida,

Huko uliko najua umeshaunda kamati. Iache kidogo unisikilize, maana huku Mikelenge umetuweka pabaya.

Unakumbuka wakati wa vita, wanajeshi walipokataza mikutano? Uliwakusanya akina mama uani kwetu, mkakaa mmoja nyuma ya mwingine mkisukana nywele, na shirika letu likazaliwa hapohapo katikati ya vitana. Kichwa changu kilikuwa kati ya magoti yako. Doria ilikuwa ikipita barabarani, hakuna aliyethubutu kufungua kinywa. Ukanong'ona, "Mwenye hasemi, amekubali. Tuendelee." Ndivyo ulivyoupata uprezida, kwa kura zote. Siku Mama Sifa alipopiga chafya ulitangaza, "Sifa amekataa," na hoja ya kulima mpunga pamoja ikangoja mpaka apone mafua.

Vita vilipokwisha mkanunua mashine ya kukoboa mpunga, na Mama Sifa akaanza kukitamani kiti chako. Ukaingiza kwenye katiba ya shirika kwamba prezida haondoki mpaka aandike barua ya kujiuzulu kwa mkono wake mwenyewe. Ulicheka sana siku ile. Kisha ukafa bila kuandika.

Sasa mashine nayo imekufa. Mpunga uliotoka mashamba ya Kibombo umejaa stoo, akina mama wamerudi kwenye kinu na mchi, na mimi makamu wako viganja vimejaa malengelenge. Wafadhili wako tayari kutuletea mashine mpya, ila wanataka sahihi ya prezida aliye hai. Nikaitisha mkutano tuchague mwingine. Unajua nani alisimama kukutetea? Mama Sifa.

"Yeye hayaandika barua," akasema. "Katiba njo katiba. Angali prezida."

Nikamwuliza utatia sahihi vipi.

"Ule mama, kitu gani kilimushindaka?"

Wote wakapiga makofi. Hasira zilinipanda, halafu nikalia mbele ya watu, kwa sababu hata mimi sikutaka kukutoa.

Basi nimepata njia. Jumamosi nitaisoma barua hii mkutanoni, kisha nitakuuliza kama unakataa kujiuzulu. Ukinyamaza, kwa sheria yako mwenyewe umekubali, na mashine itakuja. Lakini sijawahi kukuona ukinyamaza mkutanoni mpaka mwisho, kwa hiyo nitakupa nafasi. Nimewaomba akina mama waje na vitana. Tutakaa kama zamani, tusukane kimyakimya, na Mama Sifa ndiye atakayenisuka. Nimemwomba asifanye haraka.

Mashine tunaihitaji sana, Mama. Ila nikisikia hata chafya, tutaahirisha.

Ni mimi mwanao,
na makamu wako mpaka Jumamosi