Kifurushi Kisicho na Majani

Oruro, 9 Juni

Mwanangu mpendwa Delmira,

Pokea salamu zangu nyingi. Mimi mama yako ni mzima, ila magoti tu. Bibi yako Nicasia anakusalimu. Siku hizi ananiita kwa jina lako, nami naitika. Mjomba wako Fermín anakusalimu kutoka mgodini, huja Jumapili mojamoja. Shoga yangu Saturnina, wa meza ya jirani sokoni, anakusalimu. Mbwa naye bado analala mlangoni pako. Tuliobaki ni sisi tu, wengine wote mmehama. Je, wewe na huyo aliye tumboni hamjambo?

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umesema huko Buenos Aires baridi imekuingia tena, mkojo unawaka kama pilipili, kila mara unabanwa na linatoka tone tu. Na msimamizi wa kiwanda chenu cha kushona anasema mwenye kwenda chooni mara mbili kabla ya chakula basi aolewe na choo. Ukaomba majani ya mkia wa farasi, yale tunayochemsha na kunywa mkojo ukiwaka.

Nilikwenda kuyanunua. Siku hiyohiyo Saturnina akaanguka kwa homa, kumbe naye mkojo unamuunguza, nikampeleka zahanati. Nesi akamuuliza anakunywa maji kiasi gani. Saturnina akamjibu, we binti, nikienda kukojoa viazi vyangu utavilinda wewe? Nesi hakucheka. Alisema kibofu kimevimba kwa vijidudu, si kwa kukalia jiwe baridi. Sisi wanawake njia yetu fupi, vinapanda upesi, na tukibana mkojo mchana kutwa ndipo vinapozaana. Vikifika kwenye figo, huja homa na maumivu ya mgongo. Mwenye mimba asipotibiwa, anaweza kujifungua kabla ya siku zake. Hapo nikatafuta pa kukaa.

Delmira, mimi ndiye niliyekufundisha kutokunywa maji mezani petu sokoni. Ulikuwa na miaka saba, unalia umebanwa, nikakuambia mwanamke wa sokoni kibofu chake ni ngozi ya ng'ombe. Na kuna jambo sijamwambia mtu. Kaka yako Anselmo, yule aliyekufa mchanga tunayemwashia mshumaa Siku ya Wafu, sikumzaa mapema kwa kushtuliwa na radi. Nilikuwa na moto huohuo wiki tatu, nina homa, nikanywa majani, nikakalia tofali la moto, nikauza viazi mpaka siku ile. Nilimuuliza nesi kama ndiyo sababu. Akasema huenda. Baba yako alikufa akiilaumu radi, nami nikamwacha aamini hivyo.

Kwa hiyo kifurushi hiki hakina majani. Kuna viazi vikavu, soksi, na chupa ya maji. Iweke kando ya cherehani, unywe maji huku huyo msimamizi akikutazama. Nenda hospitali kesho, wapime mkojo, uwaambie una mimba ili wakupe dawa inayokufaa, na uimalize hata moto ukipoa. Msimamizi akikufukuza kazi, rudi, kitanda chako kimetandikwa.

Niandikie upesi, hata mstari mmoja, umpe dereva huyuhuyu wa basi aliyekuletea kifurushi. Anarudi Alhamisi. Nitamsubiri kituoni tangu asubuhi, na chupa yangu ya maji.

Mama yako,
Eulogia