Sahani Yenye Maua ya Buluu

Mama yangu,

Shikamoo, hapo ulipolala. Kila nikitaka kukuandikia, mkono unasimama kwenye ile sahani ya bati yenye maua ya buluu. Basi wacha nianzie hapo.

Kwetu mtaani Shika Adabu hapakuwa na mtu aliyekula peke yake. Wali ulipakuliwa kwenye sinia moja, nawe ukitusukumia minofu ya samaki upande wetu, hata tulipokuwa watu wazima wenye watoto. Kisha macho yako yakageuka manjano. Jirani akaninong'oneza kwamba ugonjwa wa ini unaambukiza, nami sikuuliza mtu mwingine. Nikakununulia sahani yako na kikombe chako, nikakutandikia mkeka kando. Wajukuu nikawakataza kukupa mkono. Ukaniangalia, ukasema, "Haya, mwanangu. Bora watoto wasidhurike."

Vidole vyako vilikuwa vimevimba tangu kitambo. Asubuhi vilikaza hata ukashindwa kufunga leso. Niliona, mama. Nilikuwa nikikupaka mafuta ya karafuu na kusema ni uzee. Macho yalipogeuka, hata kukupaka nikaacha.

Hospitali nilijifanya msemaji wako. Nilieleza macho, nikaeleza mkojo, vidole sikuvitaja. Tulivuka feri kwenda huko mara tatu hivyo hivyo. Mara ya tatu yule daktari msichana alikuona ukihangaika na pini ya mtandio. Akakushika mikono yote miwili, bila glavu, akauliza vidole vilianza lini.

"Kabla ya macho, mwanangu," ukamwambia. "Ila hapana mtu aloniuliza."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Wakapima damu upya, wakatoa kipande kidogo cha ini kwa sindano. Virusi havikuonekana. Kinga ya mwili wako mwenyewe ndiyo iliyokuwa ikishambulia ini na viungo kwa pamoja. "Hauambukizi," daktari akasema. "Kuleni naye tu." Hakujua amemwambia nani.

Siku ile nilipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, nikaita wote, nikaweka sinia katikati. Ukaja polepole kwa yale magoti yako, sahani yako mkononi.

"Mama, njoo hapa kwenye sinia."

"Wacha tu, mwanangu. Nishazoea."

Wallahi hukusema kwa uchungu, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Dawa zilikuongezea miaka miwili, na miaka yote hiyo miwili ulikula pale mkekani pako. Sikukuomba msamaha hata mara moja. Nilikuwa nikikuwekea mnofu mkubwa, nikijidai utaelewa.

Leo mchana mjukuu wako mdogo ameiona ile sahani kabatini. Akaniuliza kwa nini bibi alikuwa na sahani yake peke yake. Nikamwambia uliipenda.

Ndipo nikatafuta kalamu. Nikimaliza hapa nitamwita nimweleze kweli, nikimtazama machoni. Nisamehe, mama.

Ni mimi, binti yako niliyekutenga.