Paka wa Mlangoni

Nyanya, mke wangu wa kwanza,

Anayekusomea kadi hii asicheke. Unakumbuka nilivyokucheka kila asubuhi ukijinyoosha mlangoni kama paka? Hapa Kericho nilichuma majani chai siku nzima, kikapu mgongoni, nikajitupa kitandani bila kujinyoosha. Kesho yake mgongo ulikuwa umekaza, nikatambaa mpaka nje. Mama Chebet, mchumaji mwenzangu, akashika kiuno kwa kucheka. "Shika mti wa juu ya mlango, jinyooshe pole pole, upumue." Siku ya tatu mgongo ulilegea. Sasa mvua ya mawe ikianza, mimi ndiye wa kwanza kukimbia kujikinga.

Mungu akutunzie mifupa. Nikija Krismasi tutajinyoosha mlangoni sote wawili. Kaka akitucheka, mtume Kericho wiki moja tu.

Mjukuu wako, Odongo