Jibu Lako Kuhusu Mke wa Magan

Baba Dogo, Nairobi.
Jumatatu, 11 Agosti 1997.

Kwako kaka Mutunga,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba joto la huko mpakani halijakumaliza kama ulivyolalamika mara ya mwisho. Kifua je, kimepona? Vumbi hilo usilichezee. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako Nzivo anakusalimu, na mkono aliojikata kwa tezo akichonga umepona vizuri. Watoto wamefunga shule, unga hauonekani.

Barua yako niliipata Jumamosi kwa mkono wa Zedekiah, dereva wa lori la unga. Anarudi huko kesho, kwa hiyo naandika mbio mbio na utanisamehe mwandiko. Umeniambia mmeletewa kundi la Wasomali kutoka Nairobi, mnawaweka uani nyuma ya senyenge, na Ijumaa watapandishwa lori wavushwe ng'ambo ya mpaka. Kati yao yuko mmoja aitwaye Magan, aliyekuwa akikaa Baba Dogo. Ana mke mjamzito, lakini hataki kusema mkewe yuko wapi. Ukaniomba, kwa kuwa mimi ni wa huku, nikuulizie mke huyo amejificha wapi ili wavushwe pamoja, na ukaandika kwamba ni kwa wema wao wenyewe. Haya. Nitakujibu. Lakini usirukie mwisho wa barua, nakujua wewe. Soma pole pole.

Kwanza, huyo Magan namjua. Namjua sana. Wewe unamwita wariya fulani, kama mnavyomwita kila Msomali; mimi namjua anavyokunywa chai. Unakumbuka mwaka juzi nilikuandikia kwamba watalii wamepungua na Nzivo amekaa na vifaru na twiga wake wa mbao bila mnunuzi? Nikakwambia wachongaji wenzake walianza kutoroka kibanda, mmoja akaenda kubeba mawe Mathare. Sikukwambia kilichotuokoa, kwa sababu nilijua utaanza kunihubiria. Walituokoa Magan na mkewe, Sahro. Walikuwa wamepanga chumba mkabala na chetu, kwenye ploti ya Thuo. Siku moja Sahro akaja kibandani na kengele kuukuu ya mbao, ya kufungwa ngamia shingoni, akauliza kama Nzivo anaweza kuchonga kama hiyo, kwa wingi, zipelekwe kwa wafugaji wa kaskazini na hata ng'ambo.

Ee, Nzivo unamjua. Alicheka, akasema hiyo ni kazi ya mtoto. Akachonga za kwanza kama anavyochongea Wazungu: akazipiga msasa mpaka zikawa nyembamba, akachora twiga ubavuni, akazing'arisha kwa rangi ya viatu. Magan akazipeleka, akarudi nazo zote. Wafugaji walizitikisa wakacheka mpaka wakakaa chini. Ngamia mwenyewe angejionea haya, walisema. Kumbe kengele haitazamwi, inasikilizwa. Ngamia akipotelea vichakani, mwenyewe humtambua kwa mlio wake, na zetu zililia kama mwiko ndani ya sufuria. Nzivo alinuna wiki nzima. Halafu Magan akaja akaketi kibandani kati ya vumbi la mbao, amefumba macho, akitikisiwa kengele moja moja na kusema hii bado, hii toa kidogo ndani, hii ndiyo. Hivyo ndivyo Nzivo na wenzake walivyojifunza. Haukupita muda wachongaji waliotoroka wakarudi wote, na lori lililopeleka kengele likawa linarudi na ngozi na samli. Hata yule msichana wa Masinde, jirani yetu, alipata kazi ya kusokota kamba za kengele.

Magan alikuwa na mpango mwingine, na huu ndio nataka uusikie vizuri, wewe uliye na mhuri. Alitaka kengele zichongwe huku hadi nusu, kisha zimaliziwe kule kwao, katika mji wake wa mpakani ambako vita vimetulia, na vijana wa kule wanaojua mlio. Nzivo angeenda kuwafundisha kushika tezo. Alikuwa akisema kwamba kijana mwenye kazi kwao hatakuja kulala chumba kimoja na watu tisa huku akikimbizwa na polisi kila akienda kununua maziwa. Sahro naye hajawahi kuniambia anataka kuzeekea Baba Dogo. Anasema siku kwao kukiwa na kitu cha kufanya, ataondoka kwa miguu yake mwenyewe.

Sasa nikuulize, kaka, bila hasira. Hasira ninayo, lakini naizuia. Ni wewe uliyeniandikia Krismasi kwamba mnawavusha Ijumaa na wiki ya pili mnaona sura zile zile, zimepitia vichakani. Mafuta ya lori, posho za askari, wewe kukohoa vumbi, halafu wamerudi. Je, hakuna hata mmoja wenu huko ofisini aliyewahi kufikiri kwamba badala ya lori pangewekwa soko? Mtu akapewa karatasi ya kufanya biashara, akalipa ushuru mchana kweupe, akaenda na kurudi kama watu wengine? Mnamfukuza Magan na mnafukuza kazi ya mume wangu pamoja naye. Tangu achukuliwe kibanda kimenyamaza, kengele zimerundikana ukutani na wachongaji wanaangaliana.

Alichukuliwa hivi. Ilikuwa asubuhi, tunakunywa chai. Polisi waliingia kwenye ploti wakapiga milango, kila mtu atoe kipande chake cha utambulisho. Magan alitoa karatasi yake ya kambi ya wakimbizi. Wakamwambia karatasi hiyo ni ya kukaa kambini, si ya kukaa Nairobi. Hakubishana. Aliomba avae viatu, wakamkatalia. Alipopita mlangoni kwangu akaniangalia, akasema kwa sauti, kama anayejisemea, kwamba kliniki ya Lucky Summer leo ina foleni ndefu. Nikaelewa. Sahro alikuwa ameenda huko kupimwa mimba.

Mutunga, nilikimbia. Mimi na magoti yangu haya! Nilimkuta Sahro njiani anarudi, ameshika machungwa. Nikamwambia asifike nyumbani. Hakulia. Aliniuliza tu kama Magan alivaa viatu, na mimi nikamdanganya kwamba ndiyo. Nikamfunga leso yangu juu ya nguo zake tukaenda kupanda basi la kwetu, la Machakos.

Njiani palikuwa na kizuizi. Askari kijana akaingia, akaanza kuuliza vipande kiti kwa kiti. Sahro alinishika mkono akaubana mpaka vidole vikafa ganzi, na sikujua kama ni hofu au ni uchungu wa kuzaa. Askari akafika kwetu, akamtazama usoni, akataka kipande chake. Sijui maneno yalitoka wapi. Nilimwambia aache kumsumbua mama mjamzito, huyu ni mke wa kaka yangu, na kaka yangu ni Mutunga Kiilu, afisa wa uhamiaji, na kama anataka matata aandike jina lake hapo nimpelekee. Nikataja kituo chako, nikataja cheo chako. Askari akapiga saluti. Basi zima likaniangalia. Akashuka.

Ndiyo, nililitumia jina lako. Naweza kusema nasikitika, lakini ningekuwa nadanganya tena.

Basi sasa unajua. Mke unayemtafuta yuko Mwala, nyumbani kwa mama. Analala chumba chako, kitanda kile kile ulichonunua kwa mshahara wa kwanza. Alijifungua Jumanne iliyopita, mtoto wa kiume, na mama ndiye aliyemkata kitovu.

Lakini hayo si yote, na hapa ndipo nakuomba ukae chini kama umesimama. Kondakta wa basi lile ni wa kijijini kwetu. Kabla hatujafika nyumbani kwa miguu kutoka stendi, habari zilikuwa zimeshatutangulia kwamba Mutunga ameoa Msomali na ameleta mke kwa mama. Nilimweleza mama ukweli mlango ukiwa umefungwa. Alisikiliza, akaweka maji motoni. Siku ya tatu wanawake wakaja kumpa mtoto jina, kama desturi yetu. Machoni pao ni mtoto wa kiume wa kwanza, wa mwana wa kwanza wa nyumba hiyo. Unajua aliyezaliwa hivyo huitwa nani. Hawakuuliza mtu. Wakapiga vigelegele wakamwita Kiilu, jina la baba, lile tulilokuwa tumeliweka tukingoja wewe uoe. Nilimtazama mama awazuie. Mama akamwinua mtoto mbele yao akamwita Kiilu, kwa sauti kubwa kuliko wote.

Baadaye nilimuuliza kwa nini alifanya hivyo. Akanijibu kwamba jina halimaliziki, na wewe ukipata wako utamwita hivyo pia. Sahro alilia, halafu akacheka. Kesho mtoto atatimiza siku saba, naye Sahro atampa jina la Mumin, walilochagua na mumewe. Kwa hiyo anayo mawili, na hakuna anayegombana.

Sasa mambo yako mikononi mwako. Ukitaka, tuma askari Mwala, njia unaijua. Wapige hodi kwa mama, wamtoe mzazi kitandani mbele ya wanawake waliomwimbia. Mkuu wako akijua nililotenda kwa jina lako, kazi yako inaweza kwenda, na hilo linaninyima usingizi, usidhani sina moyo. Ila najua pia kwamba ukiwa na mhuri unaweza kuandika kwamba mtu fulani abaki, kesi yake iangaliwe upya, ana mdhamini. Andika jina la Nzivo. Andika langu. Ni Ijumaa tu nakuomba, lori liende bila Magan. Hilo soko tutaligombania baadaye.

Na ukishindwa hata hilo, basi nenda pale kwenye senyenge mwenyewe, usimtume mtu, umwambie Magan kwamba mkewe amejifungua salama. Hajui. Mpelekee na viatu.

Wasalimie wenzako wa ofisini, na umshukuru Zedekiah kwa niaba yangu, nimempa mayai ya kula njiani. Nzivo amekaa hapa pembeni ananiambia nipunguze ukali, nami nimekataa. Watoto wanakuulizia. Mama pia anakusalimu sana. Amesema nikuandikie kwamba baba yake Kiilu mdogo yuko kwako nyuma ya senyenge, naye anamngoja nyumbani.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Muthoki