Bia Mbili za Don Eliécer

Turmequé, 9 Machi 1996

Mwanangu Yolima,

Hujambo? Mjukuu wangu Duván hajambo? Mimi mzima, goti tu linanisumbua baridi ikishuka. Najua hutaki kunisikia tangu siku ile ya ubatizo wake nilipolewa nikaanguka naye mikononi. Lakini siku hizi naenda kwa mshauri wa zahanati, Bi Mireya. Hakuniambia niache pombe. Kasema nijiwekee mpaka: bia mbili basi, ninywe kwa mafunda madogo, niweke glasi chini kila nikimeza, na nisianze na njaa. Nikacheka. "Mama, haya si mambo ya chekechea?" Akanijibu, "Basi tuone, Don Eliécer, kama chekechea utafaulu."

Baba yako

Cali, 30 Machi 1996

Baba, shikamoo.

Sisi wazima. Mkono wa Duván umepona. Umeniahidi mara nyingi mno, safari hii usiniahidi kitu. Na usije.

Mwanao, Yolima

Turmequé, 18 Agosti 1996

Mwanangu,

U mzima? Nilinyamaza kwa kuwa ulikataa ahadi. Sikukuu ya San Pedro ilinishinda, nikalala kwenye benchi pale uwanjani tunaporusha tejo, vile visahani vya chuma vya mchezo wetu. Bi Mireya hakunigombeza. Aliuliza tu nani alikuwa ananijazia glasi. Nikasema Abelardo. Sasa nafika nimechelewa, nacheza, na ya pili ikiisha naondoka. Abelardo anapaza sauti: "Haya, padri wetu huyo anakwenda kusali!" Wote wanaangua kicheko. Kwenye timu ya mashindano hawaniweki tena. Tangu mama yako afe, wale ndio walikuwa watu wangu. Bia naiweza, Yolima. Jioni ndizo zinazonishinda.

Baba yako

Turmequé, 7 Septemba 1996

Baba, shikamoo.

Usishangae barua haina stempu. Tulifika jana. Nilikuja kimyakimya nikuchunguze, unisamehe. Nilisimama getini mwa uwanja nimembeba Duván. Ulikuwa umekaa pembeni peke yako. Abelardo akaja na chupa, ukafunika glasi kwa kiganja. Akakutania. Ukavaa kofia, ukatoka.

Tulikufuata mpaka nyumbani. Nilikusikia ukimuuliza mbwa ameshindaje. Nikainua mkono nibishe hodi, nikaona aibu, tukaenda kulala kwa shangazi Odilia.

Sasa naisukuma hii chini ya mlango. Duván ana njaa, na bado hajui akuiteje. Tufungulie, Baba.

Mwanao