Fatiha Yako Kiamaiko

Bibi yangu mpenzi,

Bado naisikia "maliki" ile fupi ya Fatiha, ikipenya katikati ya mbuzi wanaolia. Nilipoisoma hivyo madrasa hapa Pumwani, kama ulivyonifundisha, wanafunzi wangu walinicheka. "Mwalimu, ni maaliki! Tazama msahafu!" Na kweli, msahafu wao umeivuta hiyo "ma". Nikadhani ulinifundisha makosa, nikaona haya hata kukuandikia.

Jana nilikwenda na shangazi soko la mbuzi la Kiamaiko kununua nyama. Wauza mbuzi waliposali Magharibi, imamu wao akasoma fupi kama wewe! Nilimngoja, nikamuuliza alisoma kwa nani.

"Kwa baba, na baba kwa mwalimu wa Barawa, kule Somalia. Kwani wewe ni polisi, dada?"

Shangazi alicheka njia nzima. Mimi kichwa kilinizunguka. Yawezekanaje wanaosoma fupi na wanaovuta wote wawe sawa? Na wewe, Bibi, ulisoma kwa nani? Sikukuuliza hata siku moja.

Mungu akupe nafuu ya magoti. Asubuhi hii nimewasomea wanafunzi Fatiha ya msahafu wao, kisha yako, nikawaambia ndiyo ya bibi yangu. Alicheka mmoja tu.

Mjukuu wako, Zuhura